Siku ya Tatu ya Masika

Machi kumi na tisa. Kipimo kikavu.
Nimetia kidole ndani, kimetoka na vumbi
na mguu mmoja wa sisimizi.
Nimeandika sifuri nukta sifuri
kwa kalamu ya buluu. Nyekundu naiweka
kwa siku ya Tunu.

Nilikuwa karani wa hali ya hewa miaka thelathini na mmoja.
Serikali ikanistaafisha, ikanipa saa ya ukutani;
mawingu hayakupewa taarifa.
Basi kila saa tatu asubuhi nashuka uani,
hapa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
kanga begani, daftari kwapani,
na Mbaruku huniuliza kutoka dirishani kwake,
"Bi Mwanamvua, leo Mungu katoa ngapi?"

Tunu binti Semkiwa, mtunzi,
muuza vitumbua wa kona ya pili,
hakuwa na cheti. Mamaye alisema tu:
mwaka mkonge ulipopanda bei,
siku ya tatu ya masika, usiku, paa likivuja.
Alipoandikishwa shule, karani hakutaka habari za paa.
Akampa Julai mosi, kama alivyowapa
watoto kumi na wanane wa darasa lile.
Tunu aliicheka tarehe hiyo mpaka uzeeni:
"Julai nazaliwa na wenzangu.
Masika nazaliwa peke yangu."

Kila mwaka alinijia na sahani imefunikwa.
"Tayari?"
Nami nafungua daftari: siku ya kwanza, milimita kumi na mbili;
ya pili, arubaini;
ya tatu, hongera, mwanangu, na tule.

Machi ishirini na sita. Sifuri.
Kata ina uchaguzi mdogo. Gari la matangazo limepita mara nne
likiahidi mitaro.
Mitaro, na ukame huu! Wangeahidi mvua ningewaelewa.
Akaja kijana wao, Hizza, shati limenyooka kwa pasi,
wanataka kusimamisha bango pale kona, jina la Tunu na tarehe.
"Alizaliwa lini, mama?"
"Bado."
"Bado vipi? Si alishafariki?"
"Kufariki amefariki. Ila mwaka huu hajazaliwa."
Akanitazama kama mtu anayetafuta mlango.
Akaandika Julai mosi.

Aprili nne. Sifuri. Joto limeufunika mji
kama mfuniko wa sufuria.
Nikitoka benki nimepita makaburi ya vita,
ile vita tunayowasimulia watoto kwa kicheko, vita ya nyuki.
Askari wa kigeni, kila mmoja na jiwe,
Novemba kumi na nne, siku imechongwa haikosei.
Waliowabebea masanduku ya risasi
hawana jiwe, hawana Novemba.
Nimesimama pale hadi mlinzi akakohoa.

Usiku nikafungua kijitabu chake, kilichonuka samli:

*Msinihesabu siku, kama deni la dukani,*
*Wala kunitia buku, nikakaa failini,*
*Nalikuja na usiku, paa likivuja ndani,*
*Aijuaye ni ndoo, iliyokuwa chumbani.*

Aprili kumi na moja. Ishirini na tatu nukta nne!
Mabati yamepiga kelele tangu saa nane za usiku.
Mgombea wa Hizza ameshindwa kwa kura tisa.
Bango, sijaliona.

Kumi na mbili. Nane kamili.

Kumi na tatu.
Nimeamka, jua liko kwenye kamba ya nguo.
Zamani masika yakifika yalikaa, kama shangazi;
siku hizi yanachungulia tu, viatu mguuni.
Nimeinamisha kipimo. Tone moja,
moja tu, likatambaa likaning'inia kwenye ukucha wangu.
Kanuni ya kazi nilifundishwa nikiwa msichana:
isiyofika sehemu ya kumi ya milimita haina namba,
iandike "alama".

"Ngapi leo?" Mbaruku, dirishani.
Nikatafuta kalamu nyekundu.
"Amezaliwa," nikamwambia.
"Lakini kidogo."